Jina na Kitenzi

Katika sarufi ya Kiingereza, neno hupata kazi yake kutokana na mahali lilipokaa katika sentensi. "Fish" ni jina likimtaja samaki wa Ziwa Tanganyika anayeuzwa hapa Kasanga. Ni kitenzi likieleza kazi ya mvuvi.

Lakini kitenzi hubeba wakati, na jina halibebi. "Stole" hutuambia kwamba tendo limepita. "Thief" halisemi lini. Kiswahili nacho ni vivyo hivyo: "aliiba" ni la jana, "mwizi" halina jana wala kesho.

Basi najiuliza, ndugu msomaji: je, ni haki kumwita kijana mwizi kwa tendo la siku moja? Utasema kwamba mwenye mali sharti ajihadhari. Ni kweli. Lakini "aliiba" linatosha kumwonya, tena halimfungii kijana mlango wa kujirekebisha.

Mji wetu huu Wajerumani waliuita Bismarckburg. Leo ni Kasanga. Mji umevuliwa jina ulilopewa na wengine. Binadamu naye astahili nafasi hiyo. Kwa hiyo, tunapomhukumu mwenzetu, tuanze na kitenzi.