Msamaha wa Anuarite
Sista Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro, 1 Desemba 1964, mikononi mwa kanali wa waasi wa Simba. Alimsamehe huku akipigwa, wala hakungoja aombwe radhi. Hapo ndipo penye ugumu kwetu. Hapa Lubumbashi tunamwomba atuombee, lakini jirani aliyefukuzwa hapa mwaka 1992 kwa kuwa ni Mkasai, mtu wa asili ya Kasai, bado tunamwonea haya, naye bado anaikumbuka nyumba aliyoiacha. (Lakini kusamehe hakumzuii mtu kudai haki yake.) Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alipomtangaza Anuarite Mwenyeheri, Kinshasa, 1985, alimsamehe muuaji wake kwa jina la Kanisa lote. Basi, ndugu yangu, yule unayemkwepa katika soko la Kenya hapa mjini, leo msalimie wewe kwanza.