Mwanangu, Nenda na Daftari

Keti kwanza, mwanangu. Chai bado ya moto, na gari la Karatu haliondoki Kakesio mpaka lijae.

Juzi ulinionyesha kwenye simu yule kijana wa Sweden, Armand Duplantis, akiruka kwa upondo mita 6.25 kule Paris mwaka 2024. Ukasema amezaliwa na mabawa. Mabawa gani? Amezaliwa na kocha. Baba yake, Greg, aliruka upondo akiwa chuo kikuu huko Louisiana, akaishia mita 5.80. Alichojifunza akamfundisha mwanawe uani kwao, tangu akiwa mdogo.

Upondo hapa hatuna, wala godoro la kuangukia. Wewe una miguu ya mbio, basi mfuate Suleiman Nyambui wa Majita. Alikwenda Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, akawa bingwa wa vyuo vya Marekani mita 10,000 miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Katikati ya masomo hayo, kwenye Olimpiki ya Moscow 1980, akachukua medali ya fedha mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu hapo, kwenye michezo hiyo hiyo alikuwa ameshapata ya fedha mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Aliongoza kwa mbali, akapitwa mzunguko wa mwisho. Mpaka Paris 2024, Tanzania haikuwa na medali nyingine ya Olimpiki.

Watu husimulia medali, wakaishia hapo. Mimi napenda yaliyofuata. Bayi akajenga shule. Nyambui akawa kocha, akafundisha mpaka Brunei. Miguu ilipochoka, walikuwa na kitu cha kuwapa wengine.

Mimi sikuwa nacho. Nilipopewa kufundisha michezo shule ya msingi, niliwakimbiza watoto kila siku kuelekea mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, kwa sababu ndivyo nilivyokimbizwa mimi. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, goti linauma." Nikamwambia akaze moyo. Mwaka ule hakukimbia tena. Nilijua kukimbia, mwanangu, ila sikujua kwa nini leo ni mlima na kesho ni kupumzika. Sikuwahi kuuliza.

Kwa hiyo nenda masomoni na daftari. Kila jioni andika mlichofanya, ulilalaje, mwili ulisema nini. Muulize kocha sababu. Akikasirika, nyamaza, umuulize kesho kwa adabu. Na masomo usiyaone kama nauli ya kufikia uwanjani, yashike. Najua una haraka. Miaka minne ya masomo kwako ni mingi. Itakwisha hata hujazoea chakula chao.

Ukirudi likizo, watoto wa darasa la tano watakuzonga uwanjani wakitaka uwafundishe. Siku ya kwanza usiwape mbio. Watazame tu wanavyokanyaga, na umwulize kila mmoja kama kuna mahali panamuuma.