Sakafu ya Juu, Dari la Chini

Methali isemayo kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta ilikusudiwa mtu mwenye nyumba yake peke yake. Ufa ni wake, ukuta ni wake, na hasara ni yake. Maji yavujapo katika nyumba ya ghorofa ikaliwayo na watu mbalimbali, methali hii hupungukiwa. Kilicho sakafu kwa mmoja ni dari kwa mwingine. Aliye juu aweza kuziba lakini haoni kitu. Aliye chini huona yote lakini hana pa kuziba. Wajibu ni wa nani?

Mji Mkongwe wa Unguja hutoa mfano bora. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi zilitwaliwa na serikali, na nyumba iliyokuwa ya jamaa mmoja ikapata wakazi wengi. Maji yapenyapo humo hayana haraka. Hufuata boriti, na doa hutokea mbali na mahali pavujapo. Ncha ya boriti iliyofichwa ukutani yaweza kuoza kabla dari halijaonyesha alama. Mafundi wapakao saruji juu ya chokaa hudhani wameponya, kumbe wamefungia unyevu ndani. Sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Nyumba ya mawe huanguka kwa siku moja, lakini haiharibiki kwa siku moja.

Asiyejua hana lawama, maadamu hajaambiwa. Basi wajibu wa kwanza, ajabu ilioje, humwangukia mwenye kudhurika: apande ngazi, abishe hodi, aseme. Wengi hawasemi. Huweka ndoo chini ya tone na kuita kimya chao heshima ya ujirani. Heshima hiyo ina kasoro, kwa kuwa humnyima jirani nafasi ya kutenda haki. Mbaya zaidi ni mwenye kupangisha apakaye rangi juu ya doa kabla mpangaji mpya hajaja. Huyo amesema uongo bila kufungua kinywa.

Aliye juu akisha kuambiwa, hujitetea kuwa nyumba si yake. Ni kweli kwamba kubadili boriti ni mzigo wa mwenye nyumba, na mpangaji hapaswi kuubeba. Lakini maji yanayoshuka ni yale aliyoyamwaga yeye. Mfereji uko mkononi mwake usiku huu, kabla fundi hajaitwa na kabla haijajulikana nani atalipa.