Kumsitiri Jirani Siku za Dhiki

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, maradhi ya Korona yalipoingia Kenya mwezi wa Machi mwaka 2020, misikiti ilifungwa na vyuo vikafungwa. Mwezi wa Aprili njia za kuingia na kutoka Mombasa zikazuiwa. Tarehe 6 Mei, nasi tumo katika Ramadhani ya mwaka 1441, Mji wa Kale ukafungwa peke yake kwa siku 15, kisha siku hizo zikaongezwa hata mwanzo wa Juni. Idi ikatukuta majumbani.

Wengi walidhani kwamba balaa ni maradhi tu. Kumbe kulikuwa na balaa ya pili, nayo ni chungu kisichotelekwa. Mchukuzi hula kwa kazi ya siku ile ile. Mama auzaye mahamri na mbaazi alikosa wa kumwuzia. Mwalimu wa chuo huishi kwa ada za wanafunzi, na wanafunzi wako makwao. Hawa si watu wa kuomba. Ni wale ambao Suratul Baqara yatufunza tuwatambue kwa alama zao, kwani staha yao huwafanya waonekane kama wenye nacho.

Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba mitaa haikulala. Vijana, akina mama na kamati za misikiti walichanga, wakapeleka unga, mchele, mafuta na tende, na wazee wakapelekewa dawa zao. Wala jambo hili si geni katika dini yetu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliwasifu Al-Ash'ariyyun kwa desturi yao: chakula kikiwapungukia, kila mmoja alileta alicho nacho, wakakichanganya katika nguo moja, wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Akawahesabu kuwa ni watu wake.

Tutazame kile chombo kimoja. Maana yake ni kwamba mgawanyaji haulizi ukoo wala kabila, wala nani ni rafiki wa mwenye kiti. Na jirani asiyekuwa Mwislamu ana haki yake pia, Abdullah bin Amr (R.A.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, alihimiza jirani yake Myahudi apelekewe fungu.

Liko jambo jingine ambalo hatuna budi kulisema, ijapokuwa litawachoma wengine. Katika siku zile uliingia mtindo wa kuwapiga picha wanaopewa. Mjane husimamishwa mlangoni, ameshika mfuko wa unga, na picha yake huonwa na mji mzima kabla ule unga haujapikwa. Je, huyo tumempa unga, au tumenunua uso wake? Mwenyezi Mungu ametuonya kwamba masimango na maudhi huibatilisha sadaka. Na ni udhia gani ulio mkubwa kuliko mtoto wake kuchekwa na wenziwe kwa picha hiyo?

Wenye vikundi hujibu kwamba wachangaji wataka ushahidi. Hoja hiyo ina haki ndani yake, kwani mali ya watu ni amana. Lakini ushahidi wa amana ni daftari. Yaandikwe yaliyoingia na yaliyotoka, watu wawili waaminifu wayakague, na wachangaji waambiwe idadi ya nyumba zilizofikiwa bila ya kutajwa jina la yeyote. Qur'ani imeruhusu sadaka ya dhahiri, ikaifadhilisha ya siri kwa mafakiri. Basi mtoaji akipenda kuonekana, na aonekane yeye. Dhiki ya mwenziwe si mali yake hata aionyeshe.

Wala mtu asidhani kwamba kujihadhari na maradhi ni upungufu wa imani. Sayyidna Umar (R.A.) alirudi kutoka Sargh, asiingie Sham, kwa ajili ya tauni, na alipoulizwa kama aikimbia kadari ya Mungu, alieleza kwamba atoka katika kadari moja kwenda katika nyingine. Aliyeacha chakula mlangoni kwa mzee, akabisha hodi na kurudi nyuma, alimletea riziki bila ya kumletea mauti.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya la Dunia lilitangaza kwamba dharura ya Korona imekwisha. Njaa haikutangaziwa mwisho. Basi madaftari yale ya mitaa yako wapi leo? Kila Ramadhani twaona maskini wamepanga safu milangoni mwa maduka, kila mmoja apewe sarafu chache, na mwaka wa pili wamo safuni tena. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kwamba fakiri mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununua zana za kazi yake. Lau matajiri wa mtaa mmoja wangeikusanya zaka yao pamoja, mama mmoja angepata cherehani na kijana mmoja mkokoteni, na mwakani wakatoka safuni.

Twawanasihi walioanza wema ule katika shida wausimamishe katika raha: kila mtaa na uwe na mfuko wake, daftari lake, na ulimi wenye kusitiri. Mwenyezi Mungu atutakabalie na atusitiri duniani na akhera. Amin.