Mashahidi Wako Wapi?





Ndugu zangu katika imani, mtakumbuka usiku wa tarehe 21 Machi 2023, Bunge letu lilipopitisha mswada wa kupinga ushoga. Aliyeupeleka bungeni ni Muislamu mwenzetu, Mheshimiwa Asuman Basalirwa wa Manispaa ya Bugiri. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga takbira kwenye ngazi za hosteli.

Kuhusu ndoa sina jipya. Nikahi ni baina ya mwanamume na mwanamke, na hilo hatukulipata bungeni. Katiba ya Uganda nayo ilikwisha kukataza ndoa ya jinsia moja mwaka 2005, katika Ibara ya 31. Ukiuliza sokoni, kanisani au msikitini, wengi mno watakupa jibu moja. Kwetu sisi hatari iko hapo hapo: mtu akiwa upande wa wengi hauchungi tena ulimi wake.

Siku chache baadaye, katika kundi letu la WhatsApp, mtu aliandika kwamba ndugu mmoja wa ghorofa ya pili “haeleweki”. Sababu? Sauti yake, na rafiki aliyekuwa akimtembelea. Mswada wa Machi ulimtaka mtu aripoti polisi hata anachokishuku, basi tukajiona tunatimiza wajibu. Nami nikaandika, “Huyo tunamjua.” Wallahi sikuwa najua kitu. Wiki mbili kabla ya mitihani yule ndugu aliondoka bila kuaga. Godoro lake lilibaki.

Muhula uliofuata tulisoma mlango wa qadhfu. Ustadh alifungua Suratun-Nur, aya ya 4: anayemsingizia mtu mtwaharifu uzinifu bila mashahidi wanne apigwe mijeledi 80, na ushahidi wake usikubaliwe. Mwenzetu akauliza kama hukumu hiyo inahusu pia tuhuma ya liwati. Ustadh akajibu kwamba Abu Hanifa ana rai tofauti, lakini kwa Mashafi, ambao ndio sisi, inahusu. Kisha akauliza darasa, “Mashahidi wako wapi?” Aliuliza kama mfano tu, lakini mimi niliangalia chini.

Tazameni jinsi dini ilivyoupandisha ukuta huu. Suratul-Hujurat, aya ya 12, imekataza dhana mbaya na kupelelezana. Maiz alipokuja mwenyewe kukiri zinaa, Mtume (S.A.W.) alimgeuzia uso mara baada ya mara. Na Hazzal, aliyemshawishi aende kukiri, aliambiwa kwamba lau angemsitiri kwa nguo yake ingekuwa kheri kwake. Hapo kosa lilikuwa limekiriwa! Sisi tulikuwa na sauti na mgeni.

Ajabu ni kwamba hata serikali ilirudi nyuma kabla yetu. Rais aliurudisha mswada, na ulipotiwa saini Mei 2023 wajibu wa kuripoti ulikuwa umepunguzwa, ukabaki kwa makosa dhidi ya watoto na wasiojiweza. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria, lakini kifungu hicho cha kuripoti ikakifuta. Sisi tunaosoma Hujurat kila mwaka tulikuwa tunangoja majaji?

Atakayeniambia kwamba nautetea uchafu, namuomba asome tena. Ninachotetea ni heshima ya Muislamu ambayo hakuna aliyethibitisha kuvunjwa kwake.

Katika fiqhi yetu, toba ya msingiziaji haitimii kwa istighfari ya kimya kimya, lazima ajikadhibishe. Kwa hiyo Ijumaa moja baada ya Alasiri niliandika katika kundi lile lile: “Nilisema tunamjua. Nilisema uongo.” Wawili walinitumia dua. Mmoja aliuliza nimelipwa shilingi ngapi. Wengine walisoma wakanyamaza.

Nikampigia ndugu yule. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Nimekusikia.” Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza. Aliuliza tu kama godoro lake bado lipo. Lilikuwepo stoo. Nililifunga kwa kamba Jumamosi, nikalipeleka kituo cha basi.