Miaka ya Gizani

Watu wengi hupima maisha kwa sehemu yake inayoonekana. Husema kuwa fulani alianza kuishi siku alipopata cheo, na miaka yake iliyotangulia huiita maandalizi tu. Je, kipimo hiki ni cha haki?

Kusini mashariki mwa Australia, asili ya mikaratusi iliyopandwa Kenya tangu mwaka 1902 ili kuni zake ziendeshe garimoshi, huishi katika miti hiyo nyenze mmoja wa kijani kibichi. Wenyeji humwita Muuza Mboga. Wataalamu humwita Cyclochila australasiae. Usiku wa joto hutoka ardhini, hupanda mti, huvua gamba lake, akapata mbawa. Dume hutetemesha viwambo viwili vya tumboni mwake, na madume wakivuma pamoja, watu walio chini ya miti husemezana kwa taabu. Baada ya wiki chache hufa. Lakini kabla ya wiki hizo alikaa udongoni miaka saba hivi, akichimba kwa miguu ya mbele na kufyonza maji ya mizizi.

Amjuaye kwa sauti tu atasema kuwa aliishi wiki chache. Hesabu yakataa: miaka saba ni wiki zaidi ya 360. Gizani alikula, alikua, na alijivua gamba mara kadhaa. Kama huko si kuishi, ni nini?

Pengine mtu atajibu kuwa nyenze huishi ili aimbe na kuzaa, na kwamba njia haina thamani ila kwa mwisho wake. Jibu hili lina nguvu, lakini halitoshi. Wako nyenze wafao udongoni kabla ya kuliona jua. Wako na vijana wafao kabla ya kuajiriwa. Nani atathubutu kumwambia mzazi wao kuwa hawakuishi?

Hatari ya kipimo hicho iko katika mwenendo. Mwanafunzi aaminiye kuwa maisha bado hayajaanza hudanganya leo, humdhulumu mwenziwe leo, akijiahidi kuwa atakuwa mwema atakapokuwa mtu mzima. Nyenze hana hiari ya wema wala ubaya gizani, mtu anayo. Basi kujitayarisha kwa kesho ni wajibu, lakini wema haungoji mbawa.