Kisugudi cha Aliyekatika Mkono

Tulipokuwa Kiganjo, upande wa Thika, tulimzuru baada ya sala ya Ijumaa Mwislamu mmoja ambaye mashine ilimkata mkono penye kisugudi. Jeraha limepona, lakini msikitini haendi. "Shekhe," alitwambia, "jamaa wamenambia udhu wangu hautimii tena, na Mungu amekwisha nisamehe." Walisema hivyo kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo tutakayo kuizungumza, maana imemtoa mtu katika safu ya wenziwe, jambo ambalo mashine haikuliweza.

Kwanza yataka tukijue kisugudi. Wengine hukiita kiwiko, na wengine wakisema kiwiko hukusudia pale pavaliwapo saa. Si ajabu basi mtoto wa chuoni kuosha viganja tu akasita. Kisugudi si mfupa mmoja. Ni makutano ya mifupa mitatu: mmoja watoka begani, na miwili yatoka upande wa kiganja. Ile nundu tuiegemezayo mezani ni ya mfupa wa chini ulio upande wa kidole cha mwisho. Mwenziwe, wa upande wa kidole gumba, huuzunguka kila tugeuzapo kiganja. Begani nako kichwa cha mfupa, mviringo kama tufe, kimekaa katika kisahani kisicho na kina. Kwa hivyo mkono huzunguka kila upande, na kwa hivyo bega ni jepesi la kuteguka.

Basi mkono ukikatika penye kisugudi, nundu huenda pamoja na mifupa ya chini, lakini ncha ya mfupa wa juu husalia, nayo ni sehemu ya kisugudi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj kuwa ncha hiyo ni wajibu kuoshwa, kwa kauli iliyo mashuhuri. Aliyekatika chini ya hapo ataosha kilichobaki. Aliyekatika juu yake faradhi imemwondokea, na hata hivyo ni sunna akioshe kipande kilichosalia.

Huenda mtu akasema wanazuoni hawa walikuwa wagumu. Mimi naona kinyume. Jamaa zake walitazama kilichokwenda. Wanazuoni walitafuta kilichobaki, wakakipa kazi yake. Ama rukhsa ipo, wala hatuikatai, lakini ni ya mwenye dhiki kuishika anapoihitaji. Sisi wazima haitufalii kumfungia nayo mlango kisha tukajiona wema.

Akauliza: na huu mkono mzima, utasuguliwa na nani? Katika madhehebu ya Shafii kusugua si faradhi. Maji yakipita juu ya ngozi yatosha. Penye bomba, basi, hamhitaji mtu. Penye ndoo atahitaji wa kummiminia, na asipompata wa bure, naye ana uwezo, yampasa amwajiri kwa ujira wa kawaida. Kumbe mwenye mkono mmoja ana hesabu ndefu kuliko yetu wenye miwili!

Ilipofika alasiri alimwita mwanawe mdogo, akaja na birika. Baba akaukunja mkono wa shati uliokuwa umefungwa kwa pini, akaitoa ile ncha ambayo tangu kupona hakuwa amemwonyesha mtu, akaiosha mara tatu.